Mbuzi wa mstari wa 47

Baba mkwe wangu amestaafu, ila bohari bado haijamtoka. Miaka yote ya utumishi wake serikalini, Mpwapwa kwanza kisha Dodoma mjini, alikuwa mtu wa leja: kitu kikiingia kinaandikwa, kikitoka kinaandikwa, kikipotea anaitwa mtu. Kwake hata viti vina namba za rangi nyekundu mgongoni. Siku niliyokwenda kujitambulisha alinikaribisha vizuri, tukanywa chai, tukacheka. Nilipoaga, nikiwa mlangoni nageuka kumpungia, nikamwona anahesabu vijiko.

Sasa mke wangu akapata kazi Nairobi. Yaani kipindi hiki ambacho tangu 2016 serikali nzima inahamia Dodoma, watu wanagombania vyumba Ipagala na Nkuhungu mpaka vya uani, sisi ndio tunafunga virago. Mwenye nyumba hakuamini. Alidhani natafuta njia ya kupunguziwa kodi.

Mke alitangulia na watoto ili wawahi shule, mimi nikabaki na vyombo. Rafiki yangu mmoja akanishauri niuze vyote, nikanunue vingine huko huko. Nikamweleza mke wangu kwenye simu. Akanyamaza. Akanyamaza mpaka nikaangalia kama simu imekatika. Kisha akasema, "Makochi yangu?" Nikatafuta Fuso.

Wakala wa forodha aliniambia jambo lenyewe si gumu. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki, ile ya 2004, inamsamehe ushuru mtu anayehama makazi, mradi vyombo viwe vya kwake na alikuwa akivitumia alikotoka. Wanachokataa ni kuficha bidhaa za biashara humo humo. "Wewe andaa orodha tu," akasema. "Kitu, idadi, hali yake. Useme kweli."

Nilimsimulia baba mkwe hayo kwa bahati mbaya, wakati wa maongezi tu. Akaweka kikombe chini.

"Hiyo orodha," akasema, "naiandika mimi."

Siku ya kupakia alifika kabla hata ya Fuso. Amevaa koti la suti, upepo wa Julai ule unaopeperusha vumbi la Dodoma mpaka kwenye meno, na mkononi ana kaunta buku mpya, kalamu ya bluu, kalamu nyekundu, na karatasi za kaboni. Hizo kaboni sijui alizipata wapi. Ukweli wenyewe nadhani alistaafu nazo. Nakala ya kwanza ya forodha, ya pili ya dereva, ya tatu yake.

Mkwe haingii ndani kuchungulia vyumba vya binti yake, hivyo tukamwekea meza chini ya mwarobaini, vibarua wakawa wanatoa kitu na kukitaja kwa sauti.

"Kochi la watu watatu!"

"Hali?"

"Zima, Baba," nikajibu mimi.

Akainuka, akalikalia, akajisogeza kushoto, akajisogeza kulia. Kitu ndani kikalia. Akarudi mezani akaandika: chakavu.

Ikaendelea hivyo asubuhi yote. Nakumbuka baadhi ya mistari kwa sababu baadaye nilisomewa mbele ya watu. "Sufuria kubwa, haina mkono mmoja, mfuniko si wake." "Feni ya mezani, inageuka upande mmoja." "Friji, linafungwa kwa kamba." "Picha ya harusi yenye fremu, bwana harusi amefumba macho." "Pasi ya umeme, iliazimwa kwangu 2016, haijarudishwa." Kwenye hiyo pasi alitumia kalamu nyekundu.

Na pale pale chini ya mwarobaini kulikuwa na mbuzi. Nilimnunua mwenyewe kwa ajili ya kuagana na majirani na ndugu: jike, mweupe, mnene, ncha ya sikio la kushoto imekatwa. Alifungwa karibu kabisa na miguu ya baba mkwe, akawa anatafuna pindo la koti lake. Kwa mtu aliyekaa bohari maisha yake yote, kitu kikiwa uwanjani siku ya kuhesabu, kinahesabiwa. Akaandika mstari wa 47: "Mbuzi jike, mweupe, sikio la kushoto pungufu, 1. Mzima."

Mchana mbuzi akachinjwa. Tulikula vizuri sana, ugali wa uwele, mlenda, nyama ya kuchoma na mchuzi. Baba mkwe alipelekewa maini kwa heshima yake, akayamaliza, akanawa, akarudi kwenye kaunta buku kuandika ndoo. Lilizuka tatizo moja dogo tu: wazee waliulizia kichwa cha kupika supu, kichwa hakikuonekana. Ikasemwa ni mbwa wa jirani. Mbwa wa jirani alikuwa amefungwa, lakini watu walishashiba, kesi ikaisha.

Baadaye nikaletewa karatasi nisaini. Kurasa zote, nakala zote. Nikasaini bila kusoma, na hapo sijutii, maana hakuna mume anayekaa kukagua maandishi ya mkwe wake mbele ya mkwe wake.

Tukaondoka jioni kwa barabara ya Kondoa. Zamani Arusha kutoka Dodoma watu walizungukia Singida au Chalinze; siku hizi ni lami tupu, Chemba, Kondoa, Kolo, Babati. Kolo ndipo ilipo michoro ya miambani, ile iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Dereva akaanza kunisimulia jinsi wale wa kale walivyochora twiga, tembo na wanyama wengine. Nilifikiria tu kwamba wao waliorodhesha wanyama kwenye mwamba, na hakuna afisa aliyewahi kuwauliza wako wapi. Hiyo nilifikiria wakati wa kurudi, lakini. Wakati wa kwenda nilikuwa nimelala.

Babati, tulipolala, nikasikia harufu. Dereva akasema ni viatu vya tandiboi. Tandiboi hakubisha, na kijana yule alikuwa anabishia kila kitu, mpaka saa.

Namanga tukafika kesho yake mchana. Kwa wasiojua, mpaka ule tangu 2018 ni wa kituo kimoja: ukitoka Tanzania hukaguliwi upande wa Tanzania, unavuka moja kwa moja mpaka jengo la Kenya, na humo ndani unawakuta maafisa wa nchi zote mbili wamekaa pamoja. Mpango mzuri, unaokoa muda. Kwangu maana yake ilikuwa kwamba mbuzi wangu alitafutwa na nchi mbili kwa mpigo.

Afisa wa Tanzania alikuwa mama mmoja mtu mzima, miwani kwenye ncha ya pua. Akaifungua orodha, akakaa sawa.

"Nani kaandika hii?"

"Baba mkwe wangu."

"Watu wanatuletea karatasi imeandikwa 'vyombo mbalimbali'," akamwambia mwenzake wa Kenya. "Hebu sikia kazi ya mtu." Akaanza kusoma kwa sauti. Foleni yote ikatulia. Kochi likapita, sufuria ikapita. Kwenye picha ya harusi aliinua macho akaniangalia mimi, akarudi kwenye karatasi, akatikisa kichwa. Kwenye pasi mtu mmoja nyuma yangu akasema, "Si umrudishie mzee wa watu!"

Halafu akasimama.

"Mstari wa 47. Mbuzi yuko wapi?"

"Mbuzi?" nikasema.

"Mbuzi iko wapi?" akauliza yule wa Kenya, akiinuka.

"Ameliwa."

Naomba mnielewe, hilo ndilo lilikuwa jibu la kweli. Lakini kulisema mpakani, mbele ya Fuso lililofunikwa turubai na kukazwa kwa kamba, mtu anakuona umekuja na mbuzi bila kibali cha mifugo, bila cheti cha daktari, na sasa unajifanya mjanja. Na saini yangu ilikuwa pale chini, safi kabisa, chini ya neno "Mzima".

Wakasema shusha.

Sijui kama umewahi kuona maisha yako yote yametandazwa kwenye zege, jua la Namanga likiwaka. Godoro lenye ramani za watoto, juu kabisa. Wamama wa Kimasai wanaouza shanga wakaacha shanga. Makondakta wakasogea. Kila kitu kikishushwa afisa anakitia tiki, na kila alama ya baba mkwe ilikuwa sahihi, hata feni waliichomeka kwenye umeme wakaona kweli inageuka upande mmoja. Hilo likazidi kuniangamiza. Orodha ambayo haijakosea mstari hata mmoja, itakoseaje mbuzi?

Mzee mmoja wa Kimasai, mwenye fimbo na shuka nyekundu, alilizunguka Fuso taratibu. Akasimama, akanusa. Akasema, "Mbuzi yupo." Akanusa tena. "Lakini si mzima."

Nikaomba nimpigie baba mkwe. Mama akaitaka simu yeye mwenyewe, akaweka spika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Akajitambulisha, akamweleza yuko na orodha yake, mstari wa 47.

"Mbuzi jike, mweupe," akaitikia baba mkwe bila kufikiri. "Sikio la kushoto pungufu."

"Huyo huyo. Sasa mzee wangu, yuko wapi?"

"Ameliwa."

"Ameliwa na nani?"

"Tulikuwa wengi. Maini nilikula mimi."

"Kwa nini basi hukumfuta?"

Kukawa kimya. Kisha sauti ikarudi, ya upole, kama mtu anayefundisha. "Mwanangu, leja haifutwi. Kitu kikitoka bohari, kinaletewa hati ya kutolea. Mimi nilikaa pale mezani mpaka jioni nikisubiri. Huyo mkwe wangu hakuniletea hati."

Mama akashusha miwani. Nikaona anatikisa kichwa kwa kukubali! Akaniangalia kama vile mwenye makosa ni mimi, na wale wauza shanga nao wakaniangalia hivyo hivyo.

Kilikuwa kimebaki kitu kimoja tu ambacho hakijafunguliwa. Afisa wa Kenya akaliendea friji, akafungua kamba.

Mlango ulipofunguka, wa kwanza kurudi nyuma alikuwa tandiboi. Hapo nikajua. Rafu ya katikati, ndani ya mfuko wa rambo mweusi uliopasuka ubavuni, mbuzi wangu alikuwa ametoa uso nje, anatuangalia. Sikio la kushoto pungufu. Harufu siielezei, maana kuna watu wanasoma haya wakiwa mezani.

"Nilitaka supu tu," akasema tandiboi, akiangalia milima.

Nilidhani afisa wa Kenya atashtukia kichwa. Akashtukia mfuko. "Hii plastiki ni ya nani?" akauliza kwa sauti ambayo hakuitumia hata kwa mbuzi. "Kenya hii kitu imepigwa marufuku tangu 2017!"

"Hata kwetu," akasema mama, naye kaumia. "Tangu 2019."

Wakaanza kujadiliana. Mfuko ulikuwa kosa huko ulikotoka au huku ulikoonekana? Na kichwa chenyewe tukiite mbuzi aliyesafirishwa bila kibali, au nyama iliyosafirishwa bila kibali? Akaitwa mtu wa mifugo, akaja amevaa glavu, akatoa maoni ya tatu. Mzee wa Kimasai akatoa ya nne. Mimi nilikaa kwenye kochi langu chakavu katikati ya uwanja, na nakiri lilikuwa bado linakalika.

Mwishoni kichwa kikachukuliwa kwenda kuteketezwa, mfuko nao ukaenda, tandiboi akasemwa mpaka akanyooka. Mama akachukua kalamu nyekundu, akaandika kando ya mstari wa 47: "Kimeonekana kichwa tu. Kimeteketezwa mpakani." Akagonga muhuri. Vyombo vingine vyote vikapita bila ushuru, maana hakuna mfanyabiashara duniani ambaye angejaribu kuuza vile vitu kwa hali ilivyoandikwa pale. Kisha tukaanza kupakia upya, na tandiboi, kwa mara ya kwanza tangu Dodoma, alibeba godoro peke yake.

Nairobi mke wangu alipokea makochi yake kwa furaha, akafungua friji, akalifunga, akaniuliza swali moja ambalo nilimjibu siku iliyofuata. Tulilisafisha kwa ndimu, kwa magadi, kwa siki. Mtoto wa mwisho mpaka leo maji yake anakunywa ya mtungi.

Nikaupiga picha ule ukurasa wenye muhuri, nikamtumia baba mkwe kwa WhatsApp, nikajua mambo yameisha. Baada ya muda akapiga. Hakusalimia sana.

"Kichwa nimekiona, kina muhuri, nimekiondoa. Nyama ililiwa, mashahidi ninao. Maini najua mwenyewe." Nikasikia karatasi inafunuliwa. "Sasa, ngozi iko wapi?"

Tandiboi hapokei simu.