Bastola ya Stenlesi Nayo Hushika Kutu

Masika ya mwaka jana yalipokwisha nilifungua vibao vya mpini wa bastola yangu, kazi ambayo sikuwa nimeifanya kwa miezi mingi. Chini yake nilikuta vidoa vya kahawia, na viwili vilikuwa vimeshachimba chuma. Juu bastola inang'aa kama kijiko kipya. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu niliamini jina: chuma kisichoshika kutu.

Jina hilo linatudanganya wengi. Tangu kampuni ya silaha ya Marekani, Smith & Wesson, ilipotoa Model 60 mwaka 1965, bastola ndogo ya silinda (pipa linalozunguka lenye matundu ya risasi) ya risasi tano iliyofungua njia ya stenlesi, wenye silaha tumezoea kusema kwamba ukinunua ya stenlesi umemaliza shida. Naishi Mombasa, karibu na bahari. Hapa grili za madirisha huoza zikitazamwa. Chumvi inayokula grili haichagui.

Stenlesi hujikinga kwa kromiamu iliyomo, ambayo ikikutana na hewa hufanya ngozi nyembamba isiyoonekana. Ikikwaruzwa hujirudisha yenyewe. Lakini chumvi huitoboa, na pale unyevu ulipojificha, hewa haifiki kuiponya. Jasho la kiuno ni chumvi hiyo hiyo. Tena stenlesi si moja. Sufuria nzuri iliyogongwa 18/10 ina kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 10. Aina ya 416, inayotumika sana kwenye bastola, ina kromiamu kama asilimia 12 hadi 14 tu, na huongezwa salfa ili ichongeke kwa urahisi. Salfa hiyo huipunguzia uwezo wa kustahimili kutu. Na springi na pini za ndani mara nyingi ni chuma cha kawaida kabisa.

Kabla ya kusafisha natoa risasi zote na kuzipeleka chumba kingine. Kisha natazama kila tundu la silinda na kulipapasa kwa kidole, hata kama nimelitazama dakika moja iliyopita. Hapo sina mzaha na mtu.

Mtutu napitisha brashi ya shaba yenye dawa, halafu vitambaa mpaka kimoja kitoke safi. Nje, brashi ya nailoni inatosha. Waya wa kusugulia sufuria usiulete karibu: huacha chembe za chuma juu ya stenlesi, na chembe hizo ndizo zinazoanza kutu. Jiki vivyo hivyo, klorini yake inachimba.

Jambo linaloniudhi ni watu wanaosugua uso wa silinda kila wiki ili kuondoa zile pete nyeusi za moshi. Pete hizo hazina madhara. Nafasi kati ya silinda na mtutu ni nyembamba na imepimwa. Ukiusugua uso huo kwa dawa kali kila mara, unakula chuma chako mwenyewe kwa ajili ya urembo. Futa masizi, acha doa. Kisha nawa mikono kabla ya kula, maana masizi hayo huacha kwenye vidole chembe za risasi, yale madini yenye sumu.

Wenye bastola za magazini, yaani zenye kasha la risasi badala ya silinda, waangalie zaidi zile reli ambazo sehemu ya juu huteleza. Stenlesi kwa stenlesi vikisuguana vikavu hung'atana na kuchubuana, kwa hiyo mafuta hapo ni lazima. Na bastola isilale ndani ya ala ya ngozi. Ngozi hunywa jasho na kulitunza.

Siku hizi nikirudi nyumbani naifuta kwa kitambaa chenye mafuta kidogo kabla ya kuifungia kwenye sefu, na kila mwezi nafungua vibao. Rangi ya kahawia ilitoka kwa nailoni na mafuta. Vile vishimo viwili bado vipo, navisikia kwa ukucha.