Mchumi wa Hazina na Lawama za Yurobondi

Mombasa, kila linapozuka suala la madeni, mchumi wa Hazina ya Kitaifa anayeshughulikia masoko ya fedha hutajwa kwa lawama, na ushahidi ni uleule: Februari 2024 Kenya ilikopa dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75 ili kulipa sehemu kubwa ya Yurobondi ya 2014, yaani mkopo wa dola kutoka kwa wawekezaji wa nje, iliyokuwa na riba ya asilimia 6.875. Mtu anayelipa deni nafuu kwa deni ghali, husemwa, anakula mshahara wa bure.

Hesabu hiyo ni sahihi, ila imeishia njiani. Tofauti ya riba ni takriban dola milioni 43 kwa mwaka, nazo si haba. Lakini deni hilo la 2014, la dola bilioni 2, lilikuwa lilipwe lote Juni 2024, wawekezaji wakihofia kwamba Kenya itashindwa kulipa, na hofu hiyo ilichangia kuipandisha dola hadi shilingi 160 hivi. Kufikia mwisho wa Machi ilikuwa karibu 130. Kwa viwango hivyo, kila dola bilioni 1 ya deni letu la nje ilipungua kwa shilingi bilioni 30, na mwenye yadi ya magari hapa mjini anayeagiza gari la dola 10,000 kutoka Japani akapunguziwa laki tatu kabla hajafika kwenye ushuru. Mkopo haukufanya hayo peke yake, kwani Benki Kuu nayo ilikuwa imepandisha riba yake hadi asilimia 13. Hata hivyo, sioni hofu ile ingetulizwa vipi bila huo mkopo.

Wanaomlaumu wana hoja nzito zaidi, na ajabu ni kwamba hawaitumii. Mwezi huohuo serikali iliuza hatifungani ya miundombinu, yaani ilikopa ndani ya nchi, kwa riba ya asilimia 18.46 isiyotozwa kodi, ikachukua zaidi ya shilingi bilioni 240 ilhali ilikuwa imeomba 70. Benki inayopata faida hiyo serikalini itamkopesha mwenye duka la nafaka Kongowea kwa sababu gani? Hapo aliyeshauri ana swali la kujibu, ingawa uamuzi ni wa wakubwa wake.

Ndiyo maana ningependa ushauri wake uchapishwe mwaka mmoja baada ya kila mkopo, pamoja na njia alizozipinga. Bila hilo, umma utaendelea kuona riba tu, naye hodari akichoka kubebeshwa maamuzi ya wengine atahamia benki za biashara.