Jina la shangazi kwenye OB

Binamu yangu aliposhukiwa kuiba pikipiki kwetu Kenya, askari walifika nyumbani wakamkosa, wakamkuta shangazi. Wakaandika jina lake, nambari ya kitambulisho na ya simu, kisha za binti zake wawili. Binamu hakushtakiwa hadi leo. Majina ya wale watatu yamebaki kwenye OB, kitabu cha matukio cha polisi ambacho kituoni kwetu hulala wazi juu ya kaunta, na aliyekuja kuripoti simu iliyopotea huchungulia apendavyo. Wiki haikuisha, mtaa mzima ukawa unaiita ile "nyumba ya wezi".

Hapa Uingereza ninakoishi, sheria ya data ya 2018 inawataka polisi watenganishe, kadiri inavyowezekana, habari za mshukiwa, za aliyehukumiwa, za mwathiriwa na za shahidi. Mama mtu hatupwi kapu moja na mwanawe. Hilo nalionea wivu, nakiri. Si kwamba Kenya hatuna sheria. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinamlinda mtu dhidi ya kudaiwa au kufichuliwa habari za familia yake pasipo haja. Maneno mazuri hayo, na Waingereza hata katiba ya kitabu kimoja hawana! Tatizo ni kwamba Katiba haijafika kwenye kaunta.

Ila wenzangu wa huku wanaojisifu kuwa faragha ni ya Wazungu nawaambia wapunguze. Mwaka 2003 mtu alirusha tofali kutoka kwenye daraja la barabara kuu, dereva wa lori akafa. DNA ya damu iliyokuwa kwenye tofali haikulingana na ya yeyote katika hifadhi ya polisi, lakini ilikaribiana na ya ndugu wa muuaji. Kupitia huyo ndugu wakampata, akahukumiwa 2004. Muuaji simlilii. Namfikiria ndugu: hakuulizwa, na damu yake ndiyo iliyosema.

Tena polisi wa huku walikuwa wakiweka DNA ya watu ambao hawakupatikana na hatia, mmoja wao mtoto aliyekamatwa akiwa na miaka 11. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliwakatalia Desemba 2008, sheria ikarekebishwa 2012. Sisi tuliwahi kuliziba hilo pengo: serikali ilipotaka DNA kwa ajili ya Huduma Namba, nambari ya utambulisho ya kila mkazi, Mahakama Kuu ilikataa Januari 2020, kabla hata tone halijachukuliwa.

Kwa hiyo sioni kwa nini tushindwe na kitabu cha karatasi. Jamaa wa mshukiwa aandikwe kwenye faili la upelelezi, si kwenye kaunta, na kesi ikifa jina life nayo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 tayari inampa mtu haki ya kuomba habari zake zisizohitajika zifutwe.

Nilimweleza shangazi hayo kwa simu. Akacheka. "Kwenye kitabu watafuta, mwanangu. Na kwa majirani?"