Aliyebaki Uingereza Hajaikataa Tanga

Kila tangazo la msiba linapokuja kutoka Uingereza, Tanga husikika maneno yaleyale. Marehemu kazikwa hukohuko, watoto wanasoma hitima hukohuko, na huku Ngamiani ndugu wanakaa matanga bila kaburi la kuzuru. Haupiti muda mmoja wao atauliza: si alikuwa na nyumba Sahare? Si alistaafu miaka mingi nyuma? Kilimzuia nini kurudi? Na kabla mtu hajafungua mdomo, jibu limeshatolewa: alizoea raha za Ulaya, kasahau kwao.

Naona jibu hilo linawadhulumu watu wengi. Upande wa kurudi hauhitaji wa kuutetea hapa Tanga, kila mtu anaujua na mimi siupingi. Desemba jua la London huzama kabla ya saa kumi jioni, wakati mzee mwenzake wa hapa anatoka kuswali alasiri na anajua akirudi atawakuta barazani wale aliosoma nao madrasa. Chakula ni kile alicholelewa nacho. Kuna wa kumsalimia na kuna wa kumuuliza kaamkaje. Kwa upande wa fedha pia, hata pensheni ndogo ya Uingereza ikibadilishwa kuwa shilingi inampita mshahara mtumishi wa kawaida wa serikali yetu. Anayerudi akiwa mzima, mwenye nyumba yake na mke aliyekubali kwa moyo mmoja, huishi vizuri, na wapo wengi wanaoishi hivyo Raskazone na Chumbageni. Hilo halina ubishi.

Ubishi uko kwenye yale yasiyosemwa barazani. La kwanza ni pensheni yenyewe, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndugu wengi hawalijui jambo hili na anayelijua huona aibu kulieleza.

Uingereza ilianza utaratibu wa sasa wa pensheni ya serikali Aprili 2016. Kiwango kamili, kwa aliyechangia miaka 35, kilikuwa pauni 155.65 kwa wiki. Kwa kawaida kila Aprili kiwango hicho hupandishwa kwa kufuata kupanda kwa mishahara, au kupanda kwa bei, au asilimia 2.5, kutegemea ipi ni kubwa zaidi. Kufikia Aprili 2025 kilikuwa pauni 230.25. Hayo ni kwa anayeishi Uingereza. Anayehamia Tanzania hulipwa kile kiwango alichoondoka nacho, na hakipandi tena maisha yake yote, labda arudi kuishi kule.

Chukua watu wawili waliofanya kazi ya usafi katika hospitali moja, wakachangia miaka 35 sawasawa na kustaafu wiki ileile ya mwaka 2016. Mmoja kabaki Leicester, mwingine karudi Tanga mwaka huohuo. Mwaka 2025 wa Leicester anapokea pauni 230.25, wa Tanga bado yuko kwenye 155.65. Tofauti ni pauni 74.60 kila wiki, yaani karibu pauni 3,880 kwa mwaka. Kwa fedha yetu hiyo ni zaidi ya shilingi milioni kumi kila mwaka, na pengo halisimami hapo, kila Aprili linaongezeka. Huyu wa Tanga hakukosa kuchangia hata wiki moja. Kosa lake ni anwani.

Na anwani yenyewe ina mambo. Uingereza huwapandishia pensheni wastaafu walioko nchi ambazo ina makubaliano nazo. Aliyehamia Marekani anapandishiwa, wa Jamaika anapandishiwa, wa Ufilipino anapandishiwa. Katika Afrika yote ni Mauritius peke yake. Kenya haimo, Afrika Kusini haimo, sisi hatumo. Wapo wastaafu waliokwenda mahakamani, akiwemo mmoja aliyehamia Afrika Kusini, wakaifikisha kesi mpaka Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mwaka 2010 wakashindwa.

Atakayenijibu kwamba pauni 155 kwa wiki ni fedha nyingi Tanga, kasema kweli. Inanunua samaki, inalipa umeme, inamlipa msichana wa kazi na mlinzi, na inabaki ya kumpa mpwa nauli. Lakini mtu hastaafu ili ale tu. Anastaafu akiwa na umri wa miaka 66 au zaidi, na kwa wengi wao presha na sukari ni wageni wa siku nyingi mwilini. Pesa ya kula ipo. Pesa ya kuugua ndiyo inayotisha.

Kule, matibabu ya NHS, huduma ya afya ya serikali yao, hutolewa bure kwa mtu kwa sababu anaishi pale, si kwa sababu alichangia miaka thelathini. Akihama moja kwa moja, kwa kawaida haki hiyo inakatika. Akirudi kutembelea wajukuu na kupatwa na jambo linalohitaji kulazwa, anaweza kuletewa bili kama mgeni mwingine yeyote. Huku kwetu tuna Bombo, hospitali ya mkoa, na wauguzi wake wanafanya kazi kubwa. Lakini moyo ukihitaji upasuaji, rufaa ni Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Saratani ikihitaji mionzi, safari mara nyingi ni hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam. Ni kilomita zipatazo 350 kupitia Segera na Chalinze, na mgonjwa wa miaka sabini na tano hapandi basi kama kijana anayekwenda kununua bidhaa Kariakoo. Lazima aende na mtu, apate pa kufikia, na alipe kabla hajaonwa kama hana bima. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote tumeipata mwaka 2023, na naiombea ifanye kazi, lakini mtu hawezi kuhamisha figo zake kwa kutegemea sheria itakayokomaa baadaye.

Kuna bibi mmoja wa hapa aliyenionyesha dawa zake alipokuja likizo. Alikuwa nazo katika kisanduku cha plastiki chenye vyumba vya siku saba, asubuhi na usiku, vimejazwa na duka la dawa la kule bila yeye kulipa senti. Alizihesabu mbele yangu, akaniambia zikibaki za wiki mbili ni lazima awe ndani ya ndege. Wifi yake alikuwa ameshamwambia kwamba anakimbilia baridi.

Jambo la pili ni karatasi. Nchi yetu hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima. Waliochukua uraia wa Uingereza, wengi wao ili wasisumbuliwe kazini au waweze kuwaleta watoto, waliacha wa kwetu. Kwa miaka mingi mtu aliyezaliwa Mabawa akirudi na pasipoti ya Uingereza ameingia kwa viza, na akitaka kukaa ameomba kibali cha ukaazi cha daraja C, ambamo wastaafu wa kigeni wamewekwa pamoja na wanafunzi na wamisionari. Kuhusu ardhi, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ilivyotungwa, haikumpa asiye raia ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Ndiyo maana nyumba nyingi zile za Sahare na Kange zimejengwa kwa jina la kaka, la dada au la mtoto wa shangazi.

Tunajua yanayofuata. Mwenye fedha yuko mbali, mwenye jina yuko hapa. Chumba kimoja kinapangishwa kwa muda, halafu viwili. Kaka anafariki, na hati iliyo kwa jina lake inaingia kwenye mirathi ya watoto wake. Mzee aliyejenga kwa zamu za usiku anarudi kusimama mbele ya baraza la ardhi akithibitisha kwamba risiti za saruji ni zake. Mwaka 2024 serikali ilipeleka bungeni muswada wa kurekebisha sheria za uhamiaji na ardhi ili watu wenye asili ya Tanzania wapewe hadhi maalum. Ni hatua ya maana na ilichelewa. Lakini hadhi maalum si uraia, na haiamui ugomvi wa hati iliyokwisha kuandikwa jina la mtu mwingine.

Wenye asili ya Kihindi waliotoka Tanga wana kumbukumbu ya zamani zaidi. Mwaka 1971 sheria ya kutwaa majengo iliwakuta na majumba ya kupangisha mjini kati, nao wengi wakaishia Leicester na kwingineko. Watoto wao wakisita kuweka akiba ya uzee hapa, tusijifanye hatujui sababu.

Jambo la tatu ndilo linalosemwa kwa sauti ndogo kuliko yote. Ukiuliza vizuri katika nyumba nyingi utakuta mzee anataka kurudi na mkewe hataki. Mzee anaiona Tanga ya barazani. Bibi anaiona Tanga ya jikoni. Anajua kwamba siku watakayofungua ile nyumba atakuwa mwenyeji wa ukoo mzima: wageni wa Pangani, wa Muheza, wa Mombasa, wanaokuja na kulala, na yeye kule kazoea kufunga mlango na kupumzika. Amelea watoto, na wanawake wengi kama yeye walifanya kazi ya kulea wazee wa watu wengine kwa miaka ishirini. Wajukuu wake wako dakika kumi kwa basi. Akisema hataki kuwaacha, anaambiwa kabadilika. Sioni amebadilika nini. Bibi wa Makorora naye hawezi kuambiwa ahame awaache wajukuu wake wote kwa sababu mumewe ana hamu ya upepo wa bahari.

Hata hivyo ipo hoja moja ya upande wa pili ambayo siwezi kuipita. Ugonjwa wa kusahau wa uzeeni mara nyingi huondoa kwanza lugha aliyoipata mtu ukubwani, ikabaki ile ya utotoni. Mzee aliyeongea Kiingereza miaka arobaini anaweza kuamka siku moja akiita kwa Kiswahili katika nyumba ya kulelea wazee ambamo hakuna hata mmoja anayemwelewa. Anasema ana kiu, wanamfunika blanketi. Na nyumba hizo si bure. Katika England, mwenye mali inayozidi pauni 23,250 hujilipia mwenyewe, na kwa anayeishi peke yake nyumba yake nayo huhesabiwa. Mtu anaweza kuiona nyumba aliyoilipia mkopo miaka ishirini na mitano ikiyeyuka kwa ada za kulelewa na watu wasiojua jina lake linavyotamkwa. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, Tanga ni bora, nasema bila kusita, ikiwa kuna binti au mpwa aliye tayari kweli na si wa maneno ya simu tu. Kulea mtu aliyepoteza kumbukumbu ni kazi ya usiku na mchana, na hapa tunaipachika kwa mwanamke mmoja wa nyumba kisha tunasema ukoo unamtunza.

Kwa hiyo wengi wenye uwezo wamechagua kukaa kote kuwili. Wanakuja Novemba baridi inapoanza, wanaondoka Februari au Machi. Anwani yao inabaki Uingereza, pensheni inaendelea kupanda na kliniki haijawafuta. Hesabu hii ni ya busara, ila ina masharti yake. Wale ambao hawajachukua uraia, wanaoishi kule kwa ruhusa ya kudumu, wakikaa nje zaidi ya miaka miwili mfululizo ruhusa huanguka. Daktari anaweza kumwondoa kwenye orodha mtu aliyekosekana zaidi ya miezi mitatu. Na tiketi za ndege za watu wawili kila mwaka si za kila mstaafu. Aliyefanya kazi ya usafi hawezi kuishi kama aliyestaafu na pensheni ya benki.

Tanzania inaweza kuiomba Uingereza makubaliano ya pensheni, na ingefaa iombe. Ila tujue kwamba Kanada, yenye wastaafu wengi kuliko sisi na sauti kubwa kuliko yetu, imeomba zaidi ya mara moja ikakataliwa. Kilicho mikononi mwetu kiko karibu zaidi. Ndugu mwenye jina kwenye hati aandike leo, mbele ya wakili, nyumba ni ya nani na fedha ilitoka kwa nani. Kodi ya vyumba iwe na daftari. Na huyu mzee akija Novemba, akute chumba chake hakijapangishwa.