Anzia Mlimani, kisha uje Berlin

Mdogo wangu amemaliza shahada ya kwanza Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka huu, na tangu matokeo yatoke tunabishana kwenye simu. Ameandaa orodha ya vyuo vya uzamili iliyopangwa kwa namba, cha kumi duniani, cha thelathini, cha hamsini, na vingi viko kwenye miji midogo ya Uingereza na Marekani ambayo mwaka jana hakuwa ameisikia. Mimi nasema Berlin. Na nikisema Berlin nina maana Chuo Kikuu cha Humboldt, nilikosoma historia ya Afrika baada ya kutoka Mlimani. Kwa kuwa binamu zangu na marafiki zake nao wananiuliza hilohilo, naona niandike jibu lote mara moja.

Nianze na fedha, maana watoto wa mwalimu wa shule ya msingi Lindi hatuanzii kwingine. Vyuo vikuu vya serikali vya Berlin havitozi ada, awe Mjerumani au Mtanzania, kwa shahada ya kwanza na kwa uzamili wa kawaida unaoiendeleza. Unacholipa ni mchango wa muhula, euro mia tatu na kitu, na ndani yake mna tiketi ya treni za mjini, mabasi na treni za mikoani nchi nzima. Si Ujerumani yote iko hivyo. Jimbo la Baden-Württemberg linawatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kila muhula tangu 2017, na Munich nako kuna chuo kikubwa cha ufundi kilichoanza kutoza. Kwa hiyo anayekwambia "Ujerumani kusoma ni bure" muulize mji gani.

Kigingi hasa kiko kwingine. Kabla ya kukupa viza wanataka waone euro 11,904 kwenye akaunti maalumu ya benki, ambayo ukishafika inakuachia euro 992 kwa mwezi, basi. Hapo ndipo vijana wengi wenye akili kunizidi walipoishia, wakiwa na barua ya kukubaliwa mkononi. Mimi nilivushwa na ufadhili. Ukishaingia, sheria inakuruhusu kufanya kazi siku 140 nzima kwa mwaka, au 280 za nusu siku, na hapa ndipo ukubwa wa mji unapokuokoa. Mwenzangu aliyekwenda mji mdogo alimaliza miezi mitano akizungushwa kwenye mikahawa ileile mitatu. Berlin niliosha vyombo wiki ya tatu tu tangu nishuke kwenye ndege, na kufikia mwaka wa pili nilikuwa nafanya kazi ya kupanga vitabu maktaba. Pango ndilo linalokula zile euro 992. Chumba cha bweni unakipangia foleni ya miezi, na huko mitaani kuna mwenye nyumba aliyefuta miadi yetu mara tu niliporudia jina langu kwenye simu. Lilinichoma kwa sababu sauti yake ilibaki ya upole mpaka mwisho.

Mlimani tulilia na boom, pesa zetu za kujikimu, lisilofika mwisho wa muhula, tukabebana bwenini, wawili kitanda kimoja, na hakuna aliyelala nje. Mtu akikosa chakula, chumba kizima kinajua kabla ya magharibi. Berlin unaweza kukosa chakula siku mbili na jirani asijue unaitwa nani. Nalisema mapema ili mdogo wangu asije akadhani namuuzia pepo.

Sasa nije kwenye sababu yenyewe, ambayo haimo kwenye orodha yoyote ya namba.

Tulipokuwa mwaka wa pili Mlimani tulisoma maneno ya wazee wa kusini kuhusu Vita vya Maji Maji. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kilekile waliingia vijijini, wakakaa na wazee walioviona vile vita, wakawasikiliza, wakaandika. Darasani kwetu kuna waliokuta humo majina ya vijiji vyao. Nilifunga masomo nikiamini kwamba nimeijua habari nzima. Kisha nikafika Berlin, nikapanda treni hadi Lichterfelde, kusini mwa mji, ilipo Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho, na nikaletewa majalada ya wizara ya makoloni ya Wajerumani. Zile barua zimeandikwa kwa mwandiko wa kizamani ambao hata vijana wa Kijerumani hawausomi, ikabidi nijifunze. Humo ndimo wanamoandikiana wale waliochoma mashamba na maghala ya nafaka ili watu wasalimu amri kwa njaa. Dar es Salaam, kwenye Nyaraka za Taifa, tunayo majalada mengine ya utawala uleule, na ukiweka ya huku na ya kule pamoja, na sauti za wale wazee juu yake, ndipo unapoanza kuelewa ni nini kiliwapata babu zetu. Hakuna mji mwingine wa ughaibuni unaompa Mtanzania kitu hicho.

Chuo chenyewe kina alama zetu. Kilianzishwa 1810, na ukipita barabara ya Unter den Linden utaonyeshwa mahali alipofundisha Einstein na utaambiwa Marx alisoma hapa. Hawakuambii habari za Mtoro bin Mwinyi Bakari. Huyu alitoka Bagamoyo, akafika Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili kwenye Seminari ya Lugha za Mashariki, iliyoanzishwa 1887 chini ya chuo hiki kuwaandaa maofisa na wafanyabiashara waliokuwa wanakuja kwetu. Msomi, mwandishi, mwalimu, na baadhi ya wanafunzi wake hawakutaka kufundishwa na mtu mweusi. Akamwoa Mjerumani. Mwaka 1905 walifunga safari kurudi nyumbani, wakafika hadi Dar es Salaam, na serikali ya kikoloni ikamzuia mke wake kushuka melini. Wakageuza. Alifariki Berlin mwaka 1927 bila kuiona tena Bagamoyo. Nilipokuwa na mwaka mmoja hapa nilisoma habari zake usiku nikashindwa kulala, kwa sababu Kiswahili ninachokisikia leo wanafunzi wa Kijerumani wakikifanyia mazoezi kwenye korido za taasisi yetu ya masomo ya Asia na Afrika, na wengine wanakitamka vizuri mno, kililetwa hapa kwa gharama ile.

Baada yake akaja Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliyekuwa askari wa Wajerumani akiwa bado mtoto kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia. Alikuja Berlin mwaka 1929 kudai mshahara wake na wa baba yake. Hakulipwa. Alifanya kazi ya uhudumu, akaigiza filamu, akafundisha Kiswahili chuoni, hadi Wanazi walipomkamata mwaka 1941. Alikufa kwenye kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944. Mbele ya nyumba namba 193 mtaa wa Brunnenstraße kuna jiwe dogo lenye bamba la shaba kwenye njia ya waenda kwa miguu, lina jina lake. Kutoka kwenye taasisi yetu, barabara ya Invalidenstraße, unalifikia kwa miguu.

Na kwenye barabara hiyohiyo ya Invalidenstraße ndipo anapokaa ndugu yetu mwingine wa Lindi. Mjusi wa Tendaguru, yaani mifupa ya dinosaria, yuko kwenye ukumbi wa Makumbusho ya Elimu ya Viumbe, mita 13.27 kutoka sakafuni hadi utosini. Makumbusho haya yalikuwa sehemu ya chuo mpaka 2009. Mifupa ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, miaka michache tu baada ya Maji Maji, na mamia ya watu wetu. Miongoni mwa wasimamizi wa uchimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Wapagazi waliibeba vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa, hadi bandari ya Lindi. Nilikulia kilomita chache kutoka bandari ile. Siku ya kwanza kusimama chini ya yule mnyama niliona watoto wa shule wa Kijerumani wamelala chali wakimtazama kwa furaha, na mimi nikawa natafuta kwenye maelezo ukutani kuna mahali gani palipoandikwa Lindi. Mazungumzo ya kurudishwa kwake yanakuja na kupotea bungeni kwetu. Siku yatakapokuwa ya kweli tutahitaji watu wetu wanaoweza kusoma zile karatasi kwa Kijerumani, mezani, bila mkalimani. Ndiyo maana nasumbua watu.

Mji nao unabadilika, na ni jambo la kusoma kwa macho. Huko Neukölln, mtaa uliokuwa na jina la Wissmann, yule aliyeuzima upinzani wa Abushiri pwani, tangu 2021 unaitwa Lucy-Lameck-Straße, kwa jina la mwanasiasa wetu, mama wa Moshi. Na kwenye kitongoji cha Wedding, barabara iliyokuwa ya Carl Peters ikagawanywa Agosti 2024, na kipande kimoja sasa ni Maji-Maji-Allee. Haya hayakuja yenyewe. Walioyapigania kwa miaka mingi ni Waafrika wa Berlin na majirani zao, wanafunzi wakiwemo, na mwanafunzi anayefika leo anawakuta, anakaa nao kikaoni.

Kuna ninachokosa, na hakuna majalada yanayokifidia. Berlin hakuna vimbweta, zile meza na viti vya zege vya kusomea nje. Mlimani tulisoma nje, chini ya miti, watu sita kwenye kimbweta kimoja, mmoja ana desa, yaani notisi za kunakili, mwingine ndiye aliyemwelewa mwalimu, na hadi saa nne usiku kila mtu ameelewa. Koziwaki, kazi za muhula, alama 40, mtihani wa mwisho 60, na hofu ya kupata sapu, mtihani wa marudio, ilitufanya tushikane. Huku unaandika kazi moja ya kurasa ishirini wakati wa likizo, peke yako, na hiyo ndiyo alama yako ya somo zima. Hakuna anayekuuliza kama umekuja darasani. Uhuru huo ulinikomaza kama mtafiti, hilo nalikiri kwa moyo wote, lakini muhula wa kwanza ulinivunja. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Bibi yangu alifariki mwezi huo, na mazishi niliyafuata kwenye simu, nimesimama ngazini nje ya maktaba ya Grimm-Zentrum kwa sababu ndani hairuhusiwi kuongea.

Kwa sababu hiyo nawakatalia wanaotaka kuja moja kwa moja kutoka kidato cha sita. Shahada ya kwanza isomwe nyumbani. Kama ningefika Berlin bila Mlimani ningezisoma zile barua za maofisa na kuziamini, kwa kuwa zimeandikwa kwa utulivu na tarehe zake zote zipo. Wale wazee wa 1968 ndio walionipa masikio ya kuzikatalia.

Mdogo wangu amekubali, ingawa bado anaitazama ile orodha yake. Zipo programu za Kiingereza, lakini nimemwambia asome Kijerumani kabla ya kitu chochote, na Jumatatu anaanza darasa Goethe-Institut, Upanga. Chumba changu kina nafasi ya godoro la pili, kubebana tunakujua. Zile euro 11,904 bado. Tuko watatu tunaochangishana, mimi, kaka na shangazi wa Mtwara, na hadi leo tumefikisha robo.