Kichina tangu utotoni: faida ipo, ila haiji yenyewe

Januari 2019, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya (KICD) ilitangaza kuwa Kichina kingeanza kufundishwa katika shule za msingi kuanzia gredi ya nne, mwaka 2020. Mjadala ukawaka. Waliounga mkono walitaja biashara na ajira; waliopinga waliona ukoloni mpya unaingilia kwa watoto. Ukoloni wenyewe haunitishi sana, maana Kifaransa, Kijerumani na Kiarabu vimefundishwa nchini kwa miaka na hatujawa mali ya mtu. Swali zito kwangu ni hili: mtoto wa miaka 9 anapata nini katika Kichina ambacho kijana wa miaka 19 hakipati kwa urahisi?

Kwanza kabisa, sikio. Kichina sanifu kina toni nne, na toni ikibadilika maana nayo hubadilika. Mfanyabiashara wa soko la Kamukunji, Nairobi, anayefuata mzigo Guangzhou, China, hukutana na jambo hili siku za mwanzo: mǎi, sauti ikiteremka kisha ikipanda, ni kununua, mài, sauti ikishuka kwa mkazo, ni kuuza. Mtu mzima anaweza kuikariri kanuni hiyo vizuri na bado ulimi ukamsaliti mbele ya muuzaji. Mtoto huiga alichosikia, tena bila haya. Na watoto wetu wengi hawaanzi mikono mitupu: Gikuyu na Dholuo ni lugha za toni, ingawa Kiswahili si ya toni. Aliyelelewa kwa lugha kama hizo tayari amezoea kusikiliza kupanda na kushuka kwa sauti.

Faida ya pili ni muda, na hapa ndipo hesabu inapouma. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani hukadiria kuwa mwanadiplomasia wake huhitaji saa 2,200 hivi za darasani ili akimudu Kichina kazini. Kwa Kiswahili hukadiria kama 900. Sehemu kubwa ya mzigo huo ni maandishi, kwa kuwa orodha ya herufi za kawaida ina herufi 3,500. Sasa tuseme shule inatoa vipindi viwili vya dakika 35 kwa wiki, kwa wiki 39 za mwaka. Hizo ni saa 45 na ushei. Kutoka gredi ya nne hadi ya 12 zinakuwa kama 410, hazifiki hata moja ya tano ya saa zile. Kweli, makadirio hayo ni ya watu wazima wanaozungumza Kiingereza, lakini pengo ni kubwa mno kuzibwa na wepesi wa utoto peke yake.

Isitoshe, wepesi huo unataka mtu. Mwaka 2003 mtafiti Patricia Kuhl na wenzake jijini Seattle, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu watoto wachanga wa Kimarekani wa miezi tisa. Waliocheza na kusomewa vitabu na wazungumzaji wa Kichina, kwa vipindi 12, walizitofautisha sauti za lugha hiyo. Waliotazama mambo hayohayo kwenye skrini hawakupata kitu. Mtoto wa gredi ya nne si mchanga, najua, lakini natilia shaka shule inayotangaza Kichina wakati ilichonacho ni tableti na nyimbo. Darasa la watoto 60 nalo halimpi mwalimu nafasi ya kusahihisha toni ya mmoja mmoja.

Kwa upande mwingine, kijana mkubwa huzishika kanuni za sarufi na msamiati upesi kuliko mtoto, na hujua anachokitafuta. Wengi wanaokwenda China kwa ufadhili bila kujua Kichina huandaliwa mwaka mmoja au zaidi, kisha husoma shahada zao kwa Kichina. Kuchelewa hakuzuii kufika.

Kwa hiyo naunga mkono kuanza mapema pale tu ambapo somo halikatiki. Walimu wengi wanaotumwa kutoka China huja kwa mikataba mifupi. Chuo Kikuu cha Nairobi kina Taasisi ya Confucius, yaani kituo cha kufundisha lugha na utamaduni wa Kichina, tangu 2005, ya kwanza barani Afrika. Waliopitia kozi kama zake ndio wangesomea ualimu na kuajiriwa shuleni kwa kudumu. Mahali wasipopatikana, afadhali vipindi hivyo viende kwa lugha ya mama na Kiswahili, Kichina kisubiri sekondari ya msingi, yaani kuanzia gredi ya saba. Na mzazi anayeombwa karo ya ziada kwa ajili ya somo hili aulize mwalimu ni nani, amesomea wapi, na gredi ya saba atalifundisha nani.