Jengo Zuri, Mikono Iliyofichwa

Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, husifiwa kwa jina la Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, aliyekichora, na mwaka 1987 UNESCO ilikiweka katika Urithi wa Dunia pamoja na nyumba yake ya Monticello. Waliofyatua na kuchoma matofali yake wengi walikuwa watu wenye asili ya Afrika waliotiwa utumwani. Mabel O. Wilson, mwanahistoria wa usanifu majengo, anashikilia kwamba huwezi kulieleza jengo ukawaacha watu hao nje.

Wanaompinga wana hoja ya maana. Jengo, wanasema, lipimwe kwa uwiano wake, mwanga wake na matumizi yake. Tukilihukumu kwa dhambi za mwenyewe, ni kasri gani la kale litakalosalimika?

Hoja hiyo ingenishawishi kama utumwa ungekuwa nje ya ramani ya jengo. Pale Monticello umo ndani. Jefferson alizamisha jiko na vyumba vya kazi ubavuni mwa kilima, akaviunganisha na nyumba kwa njia ya chini kwa chini. Kwenye chumba cha kulia aliweka vipandishio vya kuleta mvinyo kutoka chini, na mlango wenye rafu unaozunguka, ili chakula kifike bila wageni kuwaona wanaokileta. Anayesifu utulivu wa chumba kile anasifu, atake asitake, ufundi wa kuwaficha binadamu. Wilson yuko sahihi kabisa hapa. Kumbukumbu aliyoshiriki kuibuni chuoni hapo, iliyokamilika mwaka 2020, ni duara la mawe lenye alama kama 4,000, moja kwa kila aliyetumikishwa. Wengi hawana jina. Baadhi wanajulikana kwa kazi au undugu tu.

Mambo huwa magumu tukija kwenye ujenzi wa leo. Wilson ni miongoni mwa waanzilishi wa kikundi kinachowauliza wasanifu kuhusu vibarua wahamiaji, wakiwemo wa Ghuba, ambako vijana wa Kenya na Uganda nao hutafuta riziki. Mwaka 2014 Zaha Hadid, aliyebuni uwanja wa Al Wakrah nchini Qatar, alipoulizwa kuhusu vifo vya vibarua nchini humo alisema hilo ni la serikali. Kauli hiyo ina ukweli kuhusu kafala, sheria iliyomfunga kibarua mhamiaji kwa mwajiri wake: msanifu haitungi wala haifuti, na kati yake na kibarua kuna mkandarasi, mkandarasi mdogo na wakala. Lakini msanifu huyohuyo huandika aina ya marumaru na ubora wa zege, na mara nyingi hushauri kuhusu muda wa kazi. Anaweza kumwambia mteja kwamba muda huo hautoshi bila watu kuchomwa na jua la mchana.